Damu Katika Choo Kikubwa: Mwongozo wa Saratani ya Utumbo Mpana kwa Wakazi wa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Mkazi wa Ukerewe, Sengerema, Magu au Kirumba anapoona damu katika choo kikubwa huwa na majibu matatu tayari kichwani: kichocho, amiba au bawasiri. Majibu hayo hayakutoka hewani. Ziwa Victoria lina konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo, na kichocho hicho huleta kweli maumivu ya tumbo, kuhara na damu katika kinyesi; amiba ipo; bawasiri nayo huwapata watu wengi, hasa wenye choo kigumu na akina mama wajawazito au waliojifungua. Shida ni kwamba saratani ya utumbo mpana na ya puru huanza kwa dalili hizo hizo, na kwa kuwa maelezo ya karibu yapo, mgonjwa huridhika nayo mapema na wakati mwingine mhudumu wa zahanati huridhika pamoja naye. Mwongozo huu unamlenga zaidi mtu aliyekwisha kumeza dawa ya kichocho au ya amiba, akapata nafuu au asipate, kisha damu ikarudi.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, wenye urefu wa takriban mita 1.5. Huanzia chini upande wa kulia wa tumbo, mahali kilipo kidole tumbo, hupanda hadi chini ya ini, huvuka kwenda kushoto, hushuka na kuishia kwenye puru, ambako kinyesi hukaa kabla ya kutoka. Saratani nyingi za eneo hili huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani bila kuuma, na kwa kawaida hupita miaka mingi, mara nyingi 10 hivi, kabla kinyama hicho hakijageuka saratani. Kikionekana mapema hukatwa kwa kamera siku hiyo hiyo, na saratani ambayo ingetokea hapo haitokei tena.

Duniani kote, mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu na takriban 900,000 walifariki. Umri mkubwa huongeza hatari, kadhalika sigara, pombe, unene uliozidi, kutofanya mazoezi, na ulaji mwingi wa nyama nyekundu na nyama za kusindikwa kama soseji. Hata hivyo, kijana wa Kanda ya Ziwa asijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa zaidi ya 300 waliotibiwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ulionyesha kuwa nusu yao au zaidi walikuwa hawajafikisha miaka 50, na kwamba wengi walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba una miaka 38 na huwezi kuwa na saratani ya utumbo, anakupa faraja tu.

Dalili za kuzingatia, na jinsi zinavyopotosha

Dalili hutegemea mahali uvimbe ulipo. Uvimbe ulio kwenye puru hutoa damu inayoonekana, mara nyingi nyekundu, wakati mwingine ikiwa imechanganyika na ute. Mgonjwa husikia haja kubwa kila mara, akienda chooni hapati kitu au anapata kidogo tu, na akitoka bado anahisi kama hajamaliza. Hisia hii ya kutomaliza ndiyo ambayo watu wengi huiita ngiri au gesi, na ndiyo inayostahili kutiliwa shaka kuliko zote, kwa sababu bawasiri ya kawaida hailazimishi mtu kwenda chooni mara nane kwa siku.

Uvimbe ulio upande wa kushoto hubana njia. Mtu aliyekuwa akipata choo kila asubuhi huanza kufunga siku tatu, kisha akaharisha, kisha akafunga tena, na kinyesi huwa chembamba kuliko alivyozoea. Upande wa kulia utumbo ni mpana zaidi na kinyesi bado ni laini, hivyo uvimbe hukua kimya huku ukivuja damu kidogo kidogo ambayo jicho halioni. Mgonjwa wa namna hii haji akilalamikia tumbo. Huja akilalamikia uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio anapopanda mlima wa Bugando au Capri Point, na kipimo kinaonyesha upungufu wa damu. Hupewa vidonge vya kuongeza damu, huambiwa anywe juisi ya rozela, damu hupanda kidogo, halafu hushuka tena. Mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akiwa na upungufu wa damu wa madini ya chuma usio na sababu inayojulikana, anapaswa kuchunguzwa utumbo kabla ya kuongezewa chupa ya pili ya dawa.

Kupungua uzito bila kukusudia, maumivu ya tumbo yasiyoisha na uvimbe unaoshikika tumboni ni dalili zinazokuja baadaye. Mwenye virusi vya Ukimwi asikubali kila kuhara kwake kuhesabiwa kuwa ni kwa sababu ya virusi, hasa ikiwa anatumia dawa vizuri na virusi vimefubazwa.

Ipo hali moja isiyosubiri chochote: tumbo limejaa na kukaza, mgonjwa hapati choo wala hatoi hewa, na anatapika. Hapo utumbo unaweza kuwa umeziba. Asipewe dawa ya kuharisha, asipigwe bomba la mitishamba, asilishwe. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku au mchana. Kwa walioko visiwani, jambo hili lina maana ya kutafuta boti mara moja, si kungoja meli ya asubuhi.

Namna ya kusema unapofika zahanati

Kwanza, kubali kupimwa kichocho na amiba, kwa kuwa huenda kweli unavyo. Toa sampuli ya kinyesi, meza prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, kwa kipimo cha uzito wako, maliza dozi. Lakini elewa jambo ambalo watu wa ziwani husahau: mayai ya kichocho yakionekana kwenye darubini, hayo yanathibitisha kwamba una kichocho tu. Hayathibitishi kwamba damu inatoka kwenye kichocho. Katika kijiji ambacho watu wengi wana kichocho, mgonjwa wa saratani naye atakuwa nacho.

Weka ukomo tangu siku ya kwanza. Kama wiki tatu au nne baada ya kumaliza dozi moja kamili damu bado ipo, au imerudi, au choo hakijarudi katika hali yake, usikubali dozi ya pili ya dawa ile ile kabla hujapimwa kwa kidole. Sema waziwazi: «Shikamoo daktari. Nimekwisha kutumia dawa ya kichocho, nimemaliza, na bado ninaona damu. Ninaomba unipime kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa.» Maneno haya ni magumu kutamka, hasa kwa mzee anayehudumiwa na binti wa umri wa mjukuu wake, lakini una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako, na una haki ya kuwa na ndugu ndani ya chumba. Mzee akikataa kabisa kulisema, kijana wake aliyemsindikiza na aliseme kwa niaba yake kwa heshima: «Daktari, baba anaona haya, lakini ana damu kwa miezi miwili sasa.»

Kipimo hicho cha kidole hakihitaji umeme wala mashine. Kinahitaji glavu, mafuta kidogo na dakika mbili, na uvimbe mwingi wa puru hufikiwa na kidole. Binafsi naona hakuna kipimo cha bei rahisi kinachorukwa kwa wepesi kama hiki, na kinarukwa kwa sababu pande zote mbili, mgonjwa na mhudumu, wanaona aibu kwa pamoja.

Ukiambiwa ni bawasiri, uliza: «Umeiona au umeihisi?» Bawasiri inayotoa damu ya rangi nyekundu mwishoni mwa haja, bila mabadiliko ya choo, kwa kijana, inaweza kutibiwa kwanza. Bawasiri iliyohukumiwa kwa kusikiliza maelezo tu, mgonjwa akiwa amevaa suruali, haihesabiki. Aidha, mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Tahadhari pia na watoa tiba wa mitaani wanaofunga au kuchoma bawasiri. Wakiuchoma uvimbe wa saratani, wanapoteza miezi ambayo mgonjwa hana.

Ukitoka hapo, omba barua ya rufaa. Njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, huenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, na hatimaye Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo juu ya kilima. Mwenye bima ahakikishe kadi na barua vinakwenda pamoja, kwa maana bila barua huenda akalipa mwenyewe. Asiye na uwezo aulizie mapema ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali. Wanaotoka Sengerema na Geita wamepunguziwa adha moja: tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limewaondolea kungoja kivuko.

Kipimo cha kamera

Kamera ya utumbo mpana ni mpira mwembamba wenye taa unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa hadi upande wa kulia wa utumbo. Ubora wa kipimo hiki uko mikononi mwa mgonjwa kuliko anavyodhani, kwa sababu utumbo wenye mabaki ya kinyesi hauonekani, na kipimo hurudiwa kwa gharama ile ile. Siku mbili tatu kabla, acha vyakula vyenye mbegu na makapi mengi: maharage, mahindi ya kuchoma, mchicha, matunda yenye mbegu kama mapera. Siku moja kabla, kunywa vitu vya majimaji visivyo na rangi nzito pekee: chai ya rangi bila maziwa, maji ya dafu, mchuzi wa samaki uliochujwa ukabaki maji, na maji mengi. Juisi ya rozela au ya bitiruti iache, kwa kuwa rangi yake hufanana na damu ndani ya utumbo. Dawa ya kusafisha tumbo utakayopewa imalize yote kwa saa ulizoelekezwa, hata kama umekwisha kuharisha mara nyingi. Unachotaka ni maji ya manjano au meupe yasiyo na chembe.

Mjulishe daktari kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, dawa za kisukari au insulini, na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo huachwa takriban wiki moja kabla kwa kuwa hufanya kinyesi kiwe cheusi na kinata. Utapewa dawa ya usingizi mwepesi, hivyo njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani na usiendeshe pikipiki siku hiyo. Utumbo kutoboka hutokea, lakini ni nadra.

Daktari akiona uvimbe atakata vipande vidogo na kuvipeleka maabara ya patholojia. Hakuna tiba ya saratani inayopaswa kuanza, isipokuwa katika dharura, kabla ya majibu hayo. Fuatilia mwenyewe, chukua nakala, ipige picha kwa simu. Faili likipotea, nakala yako ndiyo itakayokuokoa kurudia safari yote. Baada ya hapo hufuata kipimo cha CT cha kifua na tumbo kuona kama ugonjwa umefika kwenye ini au mapafu, na kwa saratani ya puru kipimo cha MRI cha nyonga. Kipimo cha damu kiitwacho CEA husaidia kufuatilia baada ya matibabu; peke yake hakithibitishi wala hakiondoi saratani, na asiuziwe mtu mwenye afya kama kipimo cha kujua kama ana saratani.

Matibabu

Hatua ya kwanza na ya pili, uvimbe uko ndani ya ukuta wa utumbo au umeuvuka kidogo. Ya tatu, umefika kwenye tezi za limfu zilizo karibu. Ya nne, umefika mbali. Hatua huamua karibu kila kitu.

Msingi wa tiba ni upasuaji: kipande cha utumbo chenye uvimbe hukatwa pamoja na tezi zake, na ncha mbili huungwa. Baada ya upasuaji ulizia jambo moja kwenye ripoti ya patholojia: tezi ngapi zilichunguzwa? Inatarajiwa zisipungue 12, kwa kuwa zikichunguzwa chache mno, mgonjwa wa hatua ya tatu anaweza kuhesabiwa wa hatua ya pili na kunyimwa dawa anazozihitaji.

Saratani ya puru ina njia yake. Mara nyingi hutanguliwa na mionzi, ama kwa siku tano mfululizo, ama kwa wiki tano hivi pamoja na dawa, ili uvimbe unywee kabla ya kukatwa. Bugando ina huduma ya tibakemia (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi, kwa hiyo si kila mgonjwa wa Kanda ya Ziwa anayelazimika kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Uliza kwanza hapa hapa.

Wagonjwa wengi hukimbia upasuaji kwa kuogopa mfuko wa kinyesi tumboni. Ieleweke kwamba mifuko mingi ni ya muda, huwekwa ili mshono wa utumbo upone, kisha tundu lake hufungwa baada ya miezi kadhaa. Wa kudumu huhitajika hasa uvimbe unapokuwa chini kabisa karibu na misuli ya kubana haja. Tundu la tumboni ambako mfuko hubandikwa, likiwa na afya, lina rangi nyekundu na unyevunyevu, haliumi likiguswa, na linaweza kutoa damu kidogo linaposafishwa. Likiwa jeusi au la zambarau, rudi hospitali siku hiyo. Mwenye mfuko huoga, hulala na mwenzi wake, husali, hula ugali na sato. Mvuvi anaweza kurudi ziwani, ila asivute nyavu wala kubeba mizigo mizito kwa wiki sita hadi nane za mwanzo, kwa sababu misuli ya tumbo ikiachia hapo hupatikana ngiri. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa na ndugu mmoja wabadilishe mfuko kwa mikono yao mbele ya muuguzi, na waulize mifuko mingine itapatikana wapi na kwa bei gani.

Dawa za tibakemia hutolewa kwa hatua ya tatu, kwa baadhi ya wagonjwa wa hatua ya pili, na kwa hatua ya nne. Zinazotumika zaidi ni fluorourasili, kapesitabini ambayo ni vidonge, na oksaliplatini. Oksaliplatini huleta ganzi na michomo vidoleni inayochochewa na baridi, jambo linalomgusa moja kwa moja mfanyakazi wa kiwanda cha samaki au mama anayepanga sangara kwenye barafu: avae glavu nzito au aombe kazi nyingine kwa muda huo, na amweleze daktari mapema ganzi ikianza kubaki kati ya dozi na dozi, kwa kuwa ikiachwa inaweza kudumu. Kapesitabini huunguza viganja na nyayo na huharisha.

Homa wakati wa tibakemia ni dharura. Joto likifika nyuzi 38, mgonjwa asinunue dawa ya malaria dukani na kulala. Chembe nyeupe za damu huenda zimeshuka, na maambukizi yanaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Aende hospitali na aseme maneno haya mlangoni: «Niko kwenye tibakemia na nina homa.» Kuhusu mitishamba, ambayo Usukumani haikosekani katika nyumba ya mgonjwa, mweleze daktari unachokunywa. Baadhi ya mizizi huathiri ini na figo zinazohitajika kuchuja dawa, na daktari asiyejua atalaumu dawa.

Matarajio

Kwa takwimu za Marekani, wagonjwa ambao ugonjwa haujatoka kwenye utumbo huishi miaka mitano au zaidi kwa karibu 90 kati ya 100. Uliofika kwenye tezi za karibu, zaidi ya 70. Uliofika mbali, kama 15. Hizi ni takwimu za nchi yenye vifaa vingi na hazielezi hatima ya mtu mmoja mmoja, lakini pengo kati ya 90 na 15 ndiyo sababu ya kusumbua mhudumu wa zahanati kuhusu kidole.

Hata hatua ya nne si moja. Mgonjwa mwenye vivimbe vichache kwenye ini peke yake huweza kukatwa na baadhi yao hupona, hivyo uliza: «Je, kilicho kwenye ini kinakatika?» Isipowezekana, dawa huongeza muda, na tiba shufaa huondoa maumivu. Morfini ya kunywa hutolewa na wataalamu kwa maumivu makali. Haiharakishi kifo ikitumiwa kwa kipimo, na mgonjwa hana sababu ya kulia usiku kwa kuhofiwa kwamba atazoea dawa. Morfini hufunga choo, kwa hiyo itolewe pamoja na dawa ya kulainisha.

Aliyetibiwa kwa lengo la kupona hufuatiliwa kwa miaka mitano, kwa ukaribu zaidi miaka mitatu ya mwanzo ambamo ugonjwa mwingi unaorudi hurudi. Hupimwa CEA kila miezi mitatu hadi sita, CT kila mwaka kwa kawaida, na kamera baada ya mwaka mmoja. Wengi huacha kurudi mara tu wanapopata nguvu na msimu wa kulima unapofika.

Ndugu wa damu

Mgonjwa akigunduliwa, habari zinawahusu pia kaka, dada na watoto wake. Ushauri wa kawaida ni kwamba waanze kamera wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao ndugu yao, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo binti wa mama aliyegunduliwa akiwa na miaka 44 anaanza akiwa na miaka 34, hata kama hana dalili yoyote. Familia yenye wagonjwa kadhaa wa utumbo au wa mji wa mimba, hasa waliougua wakiwa vijana, imweleze daktari orodha yote ya marehemu na umri wao, kwa maana huenda kuna hitilafu ya kurithi inayodai kamera zianze mapema zaidi na zirudiwe kila mwaka mmoja au miwili.